Marehemu Kaka Yetu, Mtunzi wa Swali la Nne

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba, kwa sababu mvua ilikuwa imefunga njia na mkunga peke yake ndiye aliyekubali kulowa. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu baba yetu, fundi seremala, na marehemu mama yetu, aliyekuwa akishona mashuka ya hospitali. Mimi ni dada yake. Tulinyonya ziwa moja na tulizaliwa wawili tu. Nimeombwa nisome wasifu huu kwa ufupi. Ombi hilo limekosea mlango, lakini nitajitahidi.

Wakubwa wa ofisi ya mitihani mmefika, na tunawashukuru. Juzi niliwauliza kama naweza kutaja kazi ambayo marehemu alikuwa akiifanya kwenu. Mkanijibu kwamba mtihani wa namna ile ulishafutwa na siri yake imekwisha. Basi leo nitaitaja. Kaeni vizuri kwenye viti.

Marehemu alianza masomo mwaka 1958 katika shule iliyokuwa nyuma ya ghala la saruji, na Kiingereza kilimkubali mapema kuliko hesabu. Baba yetu, ambaye hakusoma, alimfanya msomaji wa karakana. Kila kopo la gundi au rangi lililoingia, kijana aliitwa asome maelezo. Siku moja likaja kopo la vanishi lililoandikwa "inflammable". Kaka akalitazama, akakumbuka kwamba mwalimu amesema "in" ikitangulia neno hulipindua maana, akamwambia baba, kwa sauti ya mtu aliyesoma, "Hii haishiki moto." Baba akaliweka kopo kando ya jiko la gundi. Meza ya kazi iliungua, na kabati la bibi harusi wa watu likaungua pamoja nayo. Baba hakumchapa. Alimpa randa, akamwambia, "Meza mpya utailainisha wewe." Alilainisha mpaka viganja vikatoka malengelenge, na tangu hapo kila neno la Kizungu lililofanana na jingine alilishika kama mtu anavyoshika kisu asichokijua makali yake.

Baada ya sekondari ya bweni alijiunga na chuo cha ualimu, akahitimu mwaka 1973. Alifundisha Kiingereza miaka kumi na moja, na wapo wazee wenye mvi hapa waliokaa kwenye madawati yake. Sheria yake ilikuwa moja: akikupa maneno mawili yanayochanganywa, uyatungie sentensi, na sentensi iwe ya jambo ulilolishuhudia mwenyewe. Hakutaka yule paka wa vitabuni aliyekaa juu ya mkeka. Aliwahi kutoa "win" na "beat", kwa sababu watoto walikuwa wanasema timu yao "ime-win" timu nyingine, kitu ambacho Waingereza hawasemi. Mechi una-"win", mpinzani una-"beat". Mvulana mmoja akaandika kwamba timu yao ili-"win" mechi halafu ika-"beat" refa. Kaka akamwita. "Unajua neno hili pia maana yake ni kumpiga mtu?" Mtoto akajibu, "Ndiyo, Mwalimu. Ilikuwa Jumamosi." Alimpa alama zote, kisha akaenda kumpa pole refa.

Alifunga ndoa tarehe 4 Desemba 1976 na wifi yangu, huyu aliyekaa hapa mbele, aliyekuwa opereta wa simu posta. Kazi yake ilikuwa kuwaunganisha watu waongee. Akaolewa na mtu ambaye baada ya miaka minane angelipwa mshahara ili asiongee. Walijaliwa watoto wawili: binti mwaka 1979, na mvulana mwaka 1985.

Mwaka 1984 marehemu alihamishiwa ofisi ya mitihani, na hapo ndipo alipofungiwa. Sisemi kwa mafumbo. Watunga mitihani walikuwa wanakusanywa kila mwaka katika nyumba moja ya ghorofa, tuliyoiita Jumba, yenye ukuta uliopandwa chupa juu na madirisha yaliyopakwa rangi nyeupe mpaka nusu, ili aliye ndani aone mbingu tu. Wanakaa humo wiki tano. Hakuna simu, hakuna barua, hakuna mgeni. Karatasi zilizoharibika zilichomwa kwenye pipa uani, na mtu akishika kiberiti wengine wawili wanasimama kumtazama. Hata kandambili zilikaguliwa soli. Humo kaka yetu alitunga swali moja, swali la nne, la maneno ya Kiingereza yanayochanganywa: tumia kila neno katika sentensi yako mwenyewe, mpaka tofauti yake ionekane. Alilitunga kwa miaka ishirini na zaidi. Kila mmoja wenu aliyefanya mtihani ule kipindi hicho alitokwa jasho kwa mkono wake.

Mtoto wake wa pili alizaliwa yeye akiwa ndani. Mlinzi alipita dirisha la jikoni akasema, "Wa kiume," akaendelea na doria. Mama yetu alipofariki mwaka 1991, alikuwa ndani vilevile. Walimleta makaburini na gari la ofisi, mtu mmoja mbele yake na mmoja nyuma, na hakuruhusiwa kumkumbatia mtu yeyote, nikiwemo mimi, asije akanitia kitu mkononi. Alitupa udongo, akarudishwa garini. Majirani wakaninong'oneza, "Pole dada. Kwani kaiba nini?" Nililia siku ile kwa mambo mawili.

Na akitoka Jumba alikuwa bado yumo. Kiapo kilisema asimfundishe mtu Kiingereza, awe mtoto wa jirani au wake wa kumzaa. Kilisema pia asitaje kazi anayoifanya. Kwa hiyo watu waliona mwalimu mzima wa Kiingereza ambaye ukimpelekea mwanao daftari anakwambia, "Kamuulize mwalimu wako," halafu anaendelea kula. Wakasema anaringa. Mtaani wakampa jina Kufuli, na najua walioanzisha, wengine wamekula chakula hapa leo. Yeye alikuwa na hesabu yake, na aliniambia baadaye. Kama angejibu maswali mengine akakataa moja, kukataa kwenyewe kungekuwa jibu. Ilimbidi akatae yote, kila siku, kwa sauti ileile, ili ukimya wake usimaanishe kitu.

Aliyeumia kuliko wote ni binti yake. Mtoto yule alikuwa na akili za kukimbia na alitaka kitu kimoja duniani, awe mwalimu wa Kiingereza kama baba yake. Kila jioni anauliza, kila jioni "Kamuulize mwalimu wako." Wifi yangu akamwambia mumewe mbele yangu, "Wewe mtoto umemzaa au umepangishiwa?" Akajibu kwamba chai imepoa.

Sasa nisikilizeni hapa. Mitihani ile ilikuwa inatungwa miaka miwili kabla ya kufanywa. Karatasi ya mwaka ambao binti yake angefanya, 1997, kaka alikuwa ameshaomba kwa mdomo wake asiiguse. Aliigusa ya mwaka 1996, ambayo haikumhusu. Halafu shule ikamrusha binti darasa kwa sababu ya uhodari. Mwaka mmoja mbele. Akaangukia mikononi mwa karatasi ya baba yake.

Kaka alikwenda shuleni kupinga mtoto asirushwe. Walimuuliza sababu. Hakuwa nayo ya kutoa, akasema ni mdogo kwa umbo, ilhali msichana alikuwa anamfikia begani. Mwalimu mkuu alidhani ni wivu. Wifi alidhani ni wazimu. Akaenda kwa mkuu wake wa kazi wa wakati ule akaeleza yote. Mkuu akamwambia, "Imeshachapwa. Wewe kaa kimya kama siku zote."

Akakaa kimya. Jumapili moja kabla ya mtihani alikuwa ananyoa ndevu kwenye kioo cha mlango wa nyuma. Binti alikuwa mezani na vitabu. Akauliza, bila kuinua kichwa, tofauti ya "borrow" na "lend". Ni swali la kawaida, maana kwa Waingereza anayepokea ana-"borrow" na anayetoa ana-"lend", lakini sisi kwetu anayetoa ameazima na anayepokea naye ameazima, na mtoto hajui aanzie wapi. Ilikuwa ni jozi ya kwanza ya swali la nne. Maelfu ya jozi ziko kwenye Kiingereza, na yeye akaichukua hiyo.

Alipaswa kusema, "Kamuulize mwalimu wako." Maneno yale alikuwa ameyasema miaka kumi na miwili bila kukwama. Siku ile hayakutoka. Aliweka wembe chini, akafungua mlango, akatoka mpaka barabarani na povu shavuni, akaenda zake. Watu wa mtaa huu walimwona. Mlicheka.

Matokeo yalipotoka, binti alikuwa amefanya vizuri kila mahali, ila swali la nne alipata sifuri. Alama ishirini zote zilienda. Akakosa nafasi ya chuo cha ualimu kwa alama chache. Ukoo mzima ukasema lake: mtoto wa mwalimu wa Kiingereza afeli Kiingereza, aibu gani hii. Kuanzia hapo kaka alijihesabu kuwa ni yeye aliyemzamisha mwanawe kwa mdomo aliokataa kuufungua. Baba na binti waliendelea kusalimiana, salamu za mwenye nyumba na mpangaji aliyelipa kwa wakati. Binti akaenda zake kujifunza udereva, sasa ndiye mwenye shule ya udereva pale karibu na kituo cha mafuta. Amewafundisha nusu ya waliokuja leo kwa magari, na wawili kati yenu hakupaswa kuwapitisha.

Marehemu alistaafu mwaka 2011. Mwaka 2021 mtihani ukabadilishwa, swali la nne likafutwa, na wastaafu wakaitwa kuambiwa kwamba kiapo cha karatasi zile hakiwabani tena. Wiki hiyohiyo alikuja kwangu, akakaa jikoni nikichagua mchele, akanieleza haya yote. Nilimaliza kuchagua mchele nikaanza tena ule ule. Nikamwambia, "Kaka, nenda kamwambie mtoto."

"Nimwambie nini? Kwamba nilijua, nikamwacha azame?"

"Mwambie hivyohivyo."

"Ngoja nipate maneno."

Nilikasirika. Mtu ameishi kwa maneno maisha yake yote, anataka kungoja maneno. Kila nikimkumbusha alisema wiki ijayo. Alikuwa anamwogopa mwanawe, na hofu hiyo ilimkalia kooni kuliko kiapo. Tarehe 11 Januari mwaka huu wa 2024 alianguka bafuni. Kiharusi kilichukua upande wake wa kulia na maneno yote, ya Kiswahili na ya Kizungu. Kusikia alisikia. Kuelewa alielewa. Macho yalikuwa yale yale yanayokagua. Lakini kila alichotaka kusema kilibaki ndani na mlango umefungwa kwa nje, na safari hii hapakuwa na wiki tano za kuhesabu.

Mimi sikuapishwa na mtu. Nilimkuta binti kwenye korido ya wodi, amekaa kwenye benchi kando ya ndoo ya kudekia, nikamweleza kila kitu kuanzia karatasi mpaka povu. Nilitegemea alie au atukane.

"Shangazi," akasema, "mimi nilijua tangu siku ile."

Nikamuuliza alijua nini.

"Baba hakuwahi kukosa lile jibu lake. Nikainua kichwa, nikauona uso wake alivyotoka, nikasema kuna kitu. Nikaenda kwenye kamusi, nikayasoma maneno yale mpaka nikayajua. Siku ya mtihani nafungua karatasi, ndiyo haya."

"Sasa kwa nini ukapata sifuri?"

"Sikuandika. Niliruka swali lote. Ningeandika, ingekuwa amenipa yeye."

"Na ulivyotukanwa miaka yote hii hukusema?"

"Ningesema nini, Shangazi? Nikisema nimeruka makusudi, wataniuliza kwa nini. Nikijibu, Baba anafukuzwa kazi, pengine anafungwa kweli. Nikaona bora niwe mjinga."

Nikakaa kwenye benchi kando yake. Watu wawili kwenye nyumba moja, kila mmoja amejifungia chumba chake akimlinda mwenzake. Nikamwambia aingie ndani sasa hivi akamweleze baba yake, wote wawili watue mzigo. Akatikisa kichwa.

"Nikimwambia nitammaliza. Sasa hivi anaamini aliniumiza lakini kiapo alikitunza. Akijua kwamba uso wake ulinipa swali, hata hicho nitakuwa nimemnyang'anya. Na hawezi kujibu. Atabaki nacho mle ndani peke yake."

Alikuwa amesema kweli. Akinyamaza, baba anakufa na hatia ya mtoto. Akisema, baba anakufa na hatia ya kazi. Tulikaa pale mpaka mfanyakazi wa usafi akatuomba tuinue miguu adeki.

Kisha akasema, "Hatia ya kazi ninaweza kumbebea, ya mtoto siwezi kumwachia," akasimama akaingia, nami nikamfuata. Akamshika baba yake mkono ulio mzima, akamwambia yote bila kupunguza: alivyosoma uso wake, kamusi, karatasi, na swali aliloliacha jeupe. Kaka alimtazama mpaka mwisho. Halafu akageuza uso ukutani. Nikajua tumemuua.

Binti hakumwachia mkono. Akamsogelea sikioni. "Haikuvuja, Baba. Sikumwambia mtu na sikuiandika. Iliishia kwangu."

Hakugeuka. Saa za kuona wagonjwa zikaisha, tukatolewa. Usiku ule sitauelezea.

Kesho yake tulipoingia alikuwa ameegemezwa mito, anatazama mlango. Alimwonyesha binti kiti kwa mkono wa kushoto. Binti akakaa. Akainua vidole vinne. Tukadhani anataka maji, tukadhani anataka muuguzi. Akatikisa vidole vile vinne kwa hasira, na binti yake akaelewa kabla yangu.

"Sasa hivi, Baba? Hapahapa?"

Akafumba macho kama msimamizi anayengoja. Na mama huyu wa miaka arobaini na mitano, mwenye shule yake na wafanyakazi wake, akanyoosha mgongo kama mtoto wa bweni akaanza swali la nne. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, lakini hiki nilikishika. Kwanza akasema mwanafunzi wake mmoja ali-"borrow" gari la shemeji yake kwenda kufanyia mtihani wa leseni. Kaka akachora alama ya vyema hewani kwa kidole. Pili akasema tangu siku hiyo shemeji hata-"lend" mtu gari, hata awe mkewe. Kaka alicheka. Kilikuwa kicheko cha nusu mdomo, kikavu, cha kukwaruza, lakini wodi nzima iligeuka. Akachora vyema ya pili. Halafu akaushika uso wa mwanawe, akaushika muda mrefu, na machozi yakamshuka hayana haraka. Nililia pia, na sioni haya.

Marehemu alifariki dunia asubuhi ya tarehe 6 Machi 2024, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, mkewe na binti yake wakiwa kando ya kitanda chake. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, na mtu wa usafi.

Ameacha mjane, aliyengoja nje ya ukuta wa Jumba miaka yote ile na chakula hakikuwahi kupoa. Ameacha dada mmoja, ndiye mimi. Ameacha mtoto wa kiume, fundi umeme, na wajukuu watano. Na ameacha binti yake, mtoto wake wa kwanza, ambaye mmemwita aliyefeli kwa miaka ishirini na minane. Aliniomba niiruke sehemu yake, nimekataa. Ninyi wa ofisi mmekuja kumshukuru mtumishi aliyeitunza siri yenu. Mnamshukuru kwa haki. Lakini ilimponyoka Jumapili moja kupitia shavuni, na mtoto wa miaka kumi na saba akaidaka, akailipia kwa maisha aliyoyataka. Huyo hapo, amekaa safu ya pili. Mkimaliza kutupa udongo, nendeni mkamsalimie kwanza yeye.

Kaka yangu, umeshatoka. Pumzika, na amani iwe yako.